Umeandika Januari, unaanguka mbalamwezi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke mmoja na watoto watatu. Naishi Gungu hapa Kigoma na kazi yangu ni dagaa. Alfajiri nashuka mwalo wa Kibirizi, mitumbwi ikiingia nanunua dagaa wabichi, naanika, wakikauka nafunga magunia na kumtumia tajiri wangu Dar es Salaam. Kazi inalipa kwa kiasi chake, sina malalamiko nayo. Malalamiko yangu ni juu yangu mwenyewe.

Kila tarehe 31 Desemba usiku huwa nakaa na daftari. Ni kaunta buku kubwa, nililinunua mwaka 2021 nikiwa na moto kwelikweli. Naandika humo maazimio ya mwaka unaoingia. Mwaka huu niliandika saba: kuswali swala tano kwa wakati, kukimbia asubuhi mara tatu kwa wiki, kuweka akiba ya shilingi 10,000 kila siku ya kazi, kuwahi kurudi nyumbani, kuacha kubeti, kumpigia simu mama aliyeko Kasulu kila Ijumaa, na kuanza biashara ndogo ya mawese. Nikasaini chini kama mkataba.

Kukimbia nilikimbia siku nne, mvua ikanyesha, ikawa basi. Akiba ilifika 90,000 nikaitoa. Mama nilimpigia Ijumaa mbili. Kufikia tarehe 20 Januari hakuna lililokuwa limesimama. Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo, na mwaka juzi.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita binti yangu wa darasa la tano alikuja na lile daftari mkononi. "Baba, hili lina kurasa nyingi tupu, naomba nifanyie hesabu." Nikamuuliza kalitoa wapi, akasema juu ya kabati. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mbona umeandika kitu kilekile kila mwaka? Mwalimu alikupa adhabu?" Mama yake alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nilicheka, lakini usiku sikulala.

Shangazi, kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Giza la Januari lilikuwa zuri, nilipata. Ilipoingia mbalamwezi mitumbwi ikapumzika, na sisi wa mwaloni tukakaa vijiweni wiki na ushee kama kawaida. Nikabeti. Siku tano nikamaliza 420,000, ambayo ndiyo mtaji wenyewe. Mkeka mmoja, ule wa kubashiri timu nyingi kwa pamoja na zote lazima zishinde, ulibakiza timu moja tu nivune milioni mbili na nusu, ukachanika dakika ya 88. Mke wangu nilimwambia dagaa walinyeshewa wakaoza. Hakusema neno. Kesho yake jioni akaja na turubai jipya, kalinunua 45,000 kwenye hela yake ya kikoba, hela ya maandazi. Akasema, "Safari hii yasikukute tena." Turubai lipo, na kila nikilitandaza roho inaniuma. Ili nirudi kazini nikakopa 300,000 kwa wale wa kausha damu, nalipa kila wiki.

Nimejaribu kuacha mara nyingi. Ramadhani ya mwaka jana nilifunga mwezi mzima, sikubeti hata shilingi, wala sikuona tabu. Idi pili tu, nikarudi. Rafiki yangu anasema kitu ukikifanya siku 21 kinakuwa tabia, mbona changu hakikuwa? Naanza kuamini mimi ni mtu wa kushindwa tu. Nishauri, Shangazi, niandike vipi maazimio ili mwaka ujao yasinitoke tena?

Mzee wa Maazimio, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza namna ya kuandika maazimio ya mwaka ujao, na hilo sitakujibu. Mwaka ujao uko mbali, na kabla haujafika kuna mbalamwezi kadhaa za kuvuka. Nitajibu yale uliyoyasema bila kujua kwamba umeyasema.

Kwanza, kubeti umekuweka namba tano, katikati ya kuwahi nyumbani na simu ya mama, kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo kati ya magunia ya halali. Hebu niambie, akiba ya 90,000 ilitolewa ikaenda wapi? Nyumbani unachelewa ukiwa umekaa wapi? Na mama yako Ijumaa ya tatu hukumpigia kwa sababu gani, hukuwa na vocha au hukuwa na sauti? Una azimio moja tu, mwanangu. Mengine sita ni wapambe.

Pili, tarehe zako. Mimi ni mtu wa Tabora, nimekulia kwenye vumbi na miembe, sikufundishi ziwa. Lakini nilichojifunza kwa wavuvi ni kwamba dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Giza likiwa nene taa huwavuta wakajikusanya. Mwezi ukipevuka mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi inakosa mvuto, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo maisha yako hayaendeshwi na kalenda ya ukutani. Pesa unaipata gizani, halafu inakaa mfukoni wakati wa mbalamwezi, na mwenye pesa siku hizo hana kazi, ana simu yenye bando, na amezungukwa na vijana wenzake wanaopanga timu za Ulaya huku kahawa inapoa. Ukitaka kumharibu mtu huwezi kutengeneza siku nzuri kuliko hizo.

Wewe unaandika azimio kwa mwezi wa Januari na unaanguka kwa mwezi wa angani. Januari ni moja kwa mwaka. Mbalamwezi ni kumi na mbili, mwaka mwingine kumi na tatu. Usiku wa tarehe 31 Desemba hakuna kitu ziwani wala mfukoni kinachobadilika kwa sababu wewe umesaini daftari.

Halafu unajiita mtu wa kushindwa, na mistari michache juu yake umeniambia umekaa mwezi mzima bila kubeti wala kuona tabu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Ulikuwa na nini Ramadhani ambacho hukuwa nacho Idi pili? Imani haikuisha siku mbili. Ila Ramadhani ulikuwa ukiamka shauri limeshakatwa tangu usiku, nia umeshaitia, huna la kujadiliana na nafsi saa kumi jioni. Saa ya kuanza inajulikana, saa ya kufungua inajulikana, mtaa mzima uko pamoja nawe, na jioni una mahali unapotakiwa kuwepo, maana futari haisubiri mtu aliyeko kijiweni. Idi ilipopita, ile jioni ikabaki tupu. Mkeka ukaingia kwenye nafasi ya futari.

Na kuna jambo jingine la Ramadhani ambalo watu wa maazimio hawalijui. Aliyekula siku moja kwa sababu ya homa au safari hasemi mwezi umeshaharibika, ngoja nile mpaka mwakani. Anaihesabu siku yake, anailipa. Wewe mvua ya siku moja ilikufutia mbio za mwaka mzima.

Hizo siku 21 za rafiki yako zisikusumbue. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijizoesha jambo moja dogo la kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula au kutembea kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kujifanya lenyewe. Wa haraka siku 18, na kwa wa polepole ilikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuwaharibia. Na hao walikuwa wanazoea maji na matembezi, hawakuwa wakipambana na kamari. Basi wewe jipe mbalamwezi nane au tisa kabla hujajitangaza kuwa umepona.

Sasa turubai.

Hapa ndipo nilipokaa sana, kwa sababu naamini hapa ndipo kazi inapoanzia. Umemwambia mkeo dagaa walinyeshewa. Mwanangu, Gungu na Kibirizi mvua ni moja. Mwanamke anayeuza maandazi anajua kila siku ya mvua na kila siku ya jua kuliko redio, kwa sababu siku ya mvua maandazi yanalala. Alinyamaza, akatoa 45,000 ya kikoba, akakuletea turubai. Huenda alikuamini. Huenda pia turubai lile ni swali, na amekaa anasubiri jibu lake.

Mjibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeficha mtaji na deni pamoja. Chagua usiku ambao watoto wamelala na yeye hana unga wa kukanda. Usianze na "nisamehe", wala usianze na shetani, wala na marafiki. Anza na tarakimu: 420,000 zimeliwa kwenye kubeti, 300,000 nimekopa, nimesharudisha kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki. Mpe simu asome meseji za miamala mwenyewe. Atakasirika, tena ana haki, na inawezekana atakwenda kulala kwa dada yake siku mbili. Vumilia. Na usimwahidi kwamba hutarudia. Ahadi zako amezisoma hata mtoto wa darasa la tano. Mrudishie kwanza ile 45,000, kabla ya kitu kingine chochote cha kwako, kwenye giza la kwanza utakalopata.

Kwa upande wa deni sina maneno mengi. Nendeni wote wawili kwa huyo mkopeshaji, mpate kwa maandishi kilichobaki na tarehe ya mwisho, na usikope kwingine kulipa pale.

Pesa. Siku ya mwisho ya giza, kabla hujapanda kutoka mwaloni, mtaji uwe umeshatoka kwenye ile laini unayobetia. Peleka benki, au kwenye simu ya mkeo akikubali. Usijiachie zaidi ya hela ya matumizi ya siku. Futa hizo programu, kisha piga huduma kwa wateja wa kila kampuni uliyojisajili, uombe akaunti yako ifungwe. Utaniambia hii ni dalili ya udhaifu. Mimi daktari aliponikataza sukari niliapa mara nyingi, nikashindwa mara nyingi, mpaka nilipolipandisha kopo juu ya kabati ambako sifiki bila kupanda stuli. Na magoti yangu haya, chai bila sukari ikaonekana nafuu. Udhaifu nilikuwa nao na bado ninao, ila sasa umekaa mbali na kikombe.

Kisha mawese. Uliyaandika mwisho kabisa, namba saba, kama nyongeza ya kujazia ukurasa, kumbe ndiyo dawa ya namba tano. Mbalamwezi ikiingia wewe huna pa kwenda. Basi pawe na pa kwenda. Asubuhi ile ya kwanza ambayo mitumbwi haijatoka, saa moja, uwe kwenye gari la Mwandiga na madumu mawili. Anza na mawili tu, usije ukaniambia umenunua pipa. Jioni uwe sokoni Mwanga unauza rejareja, saa ileile uliyokuwa kijiweni. Faida inaweza kuwa ndogo ya kuchekesha, lakini hapo tunanunua jioni yako, mawese ni kisingizio. Kule Sweden waliwafuatilia watu zaidi ya 1,000 walioweka maazimio ya mwaka mpya, utafiti ukatoka mwaka 2020: baada ya mwaka, walioazimia kufanya kitu walifanikiwa karibu 59 kati ya 100, walioazimia kuacha au kukwepa kitu 47. Tofauti si ya mbingu na ardhi. Lakini wewe kwenye azimio lako la kuacha hukuandika utafanya nini saa hizo, na saa hazikubali kukaa bure.

Najua kuna kitu bado kinakuwasha, ile timu moja ya dakika ya 88. Hiyo ndiyo inayokurudisha, si njaa ya pesa. Basi tuifanyie hesabu. Chukua mkeka wa timu kumi, tena timu nzuri, kila moja ina nafasi 7 kati ya 10 ya kushinda. Zote kumi kushinda pamoja hutokea chini ya mara 3 katika mikeka 100. Kubakiza timu moja hutokea kama mara 12 katika hiyo 100. Umeona? Kuchanika kwa timu moja ni jambo la kawaida mara nne kuliko kushinda. Wewe hukukaribia kitu. Ulipata kile ambacho mkeka hutoa siku zote, na kikakuuma kwa sababu kinafanana sana na ushindi.

Utateleza? Inawezekana, na nataka mjiandae kwa hilo mkiwa mmetulia. Watu wa Kigoma mnaijua meli ya Liemba kuliko mimi. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi ilipakwa kabla ya maji. Ya kwenu iwe hii: mkubaliane mapema kwamba siku ukibeti, hata kwa 500, utamwambia mkeo kabla ya kulala, kiasi na saa, naye hatapiga kelele usiku huo. Kesho yake mchana anaruhusiwa. Halafu siku hiyo unailipa: unaongeza siku moja ya mawese hata kama mitumbwi imeshatoka. Ukimficha mara moja tu, umerudi kwenye mvua ya uongo.

Ukijaribu haya na bado ukajikuta unakopa ili ubeti, unauza vitu vya ndani, au unawaza kujidhuru, usiniandikie mimi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Maweni, uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kamari iliyomshinda mtu kuwa ugonjwa, na mgonjwa hatibiwi na safu ya gazeti.

Hayo mengine, ukiacha mawese, yapumzike. Swala unajua mwenyewe zilipo. Kukimbia achana nako, mtu anayebeba magunia Kibirizi ana mazoezi ya kutosha. Mama mpigie Ijumaa hii, hilo halikuwahi kuwa azimio, ni mama. Ukivuka mbalamwezi tatu niandikie, hata kama ni mistari miwili, uniambie dumu moja la mawese linaachaje siku hizi.

Na daftari mpe binti afanyie hesabu. Zile kurasa zako za mbele unaweza kuzichana, au uziache, yeye keshazisoma.

Shangazi